Mlango wa Nchi Uko Temeke na Kinondoni

Kila mara wajumbe wa mataifa wakutanapo kuzungumza juu ya ulinzi wa mipaka, viza na bandari, habari zake huwafikia wananchi wa Mbagala, Tandika, Tandale na Kawe kama habari za mbali. Husikika majina ya mikataba, husomwa hotuba, hupigwa picha, kisha kila mtu hurudi katika shughuli zake akidhani kwamba jambo hilo ni la mabalozi na wakubwa wa polisi. Sisi hatukubaliani na dhana hiyo. Twasema kwamba katika jiji zima la Dar es Salaam hapana watu wanaohusika na jambo hili kuliko wakazi wa Temeke na Kinondoni. Shehena za mataifa hupita mikononi mwao. Sumu iingiapo nchini huwaua watoto wao kwanza. Na mara mbili tangu Uhuru, maadui walipoleta mabomu katika mji huu, mabomu hayo yalilipuka katika eneo la Kinondoni.

Kwa ajili hiyo twapenda leo kusema mambo mawili, ambayo kwa kweli ni jambo moja lenye pande mbili. La kwanza ni kwamba hapana nchi iwezayo kulinda mlango wake peke yake. La pili ni kwamba hapana nchi nyingine itakayotulindia mlango wetu ikiwa sisi wenyewe tumelala, au, vibaya zaidi, ikiwa sisi wenyewe tumeuza ufunguo.

Lango la watu wengi

Na tuanze na Temeke. Kurasini si mtaa kama mitaa mingine. Hapo ndipo zilipo gati, matangi ya mafuta, maghala na bandari kavu, na kutoka hapo malori huchukua Barabara ya Mandela usiku na mchana. Alfajiri utawaona vibarua wakitoka Keko, Mtoni na Mbagala kwenda bandarini, na pamoja nao makarani wa tali, waendesha winchi, madereva na utingo. Hawa ndio watu wa kwanza kukigusa kitu kitokacho ng'ambo, na ndio wa mwisho kukigusa kitu kiendacho ng'ambo. Wazee wao ndio walioanza mgomo wa mwaka 1947, uliotoka bandarini ukaenea kwa njia ya reli hadi bara. Hivyo mfanyakazi wa bandari ya Dar es Salaam hakuanza leo kujua kwamba akisimama yeye, nchi nzima husimama.

Bandari hii haikupata kuwa mali ya Tanzania peke yake. Zambia, Kongo, Rwanda, Burundi, Malawi na Uganda hupitisha mizigo yao hapa. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao wa uongo tarehe 11 Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini ilitiwa mashakani, na ndugu zetu wakageuza uso wao kutazama Dar es Salaam. Mwaka 1968 bomba la mafuta likafika Ndola. Mwaka 1976 reli ya Uhuru, ambayo wajenzi wa Tanzania, Zambia na China waliifanyia kazi pamoja, ilikabidhiwa kwa wenyewe ikiwa na urefu wa kilomita 1,860. Katika miaka hiyo hiyo silaha na chakula cha wapigania uhuru vilishushwa hapa, kwa kuwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake katika mji huu tangu mwaka 1963.

Twayataja haya kwa sababu wako watu wasemao kwamba ushirikiano wa mataifa juu ya bandari na mipaka ni jambo tulilofundishwa na wageni juzi juzi. Si kweli. Wazambia walitukabidhi shaba yao na mafuta yao. Wapigania uhuru walitukabidhi maisha yao. Amana ya namna hiyo haitunzwi kwa bunduki peke yake. Hutunzwa kwa uaminifu wa mtu asimamaye getini.

Mabomu mawili ya Kinondoni

Sasa na tuvuke mji twende Kinondoni. Tarehe 3 Februari 1969 Dk. Eduardo Mondlane, Rais wa kwanza wa FRELIMO, alifungua kifurushi cha kitabu katika nyumba moja ya Oysterbay. Ndani mlikuwa na bomu, naye akafa papo hapo. Bomu lile halikudondoshwa na ndege ya Wareno, wala halikuvushwa Ruvuma na askari wao. Lilimfikia pamoja na barua zake za kila siku. Wapelelezi wetu walisaidiwa na polisi wa mataifa mengine, na nyayo za betri zilizotumiwa zikafuatwa hadi kwa mtengenezaji wake Japani, na kutoka Japani hadi kwa mfanya biashara mmoja wa Lourenço Marques, mji ambao leo huitwa Maputo. Bila ya msaada huo tusingalijua mengi. Lakini msaada ulikuja baada ya mazishi. Na shaka kubwa iliwaangukia watu waliokuwa wakiingia na kutoka katika nyumba za chama chake mwenyewe.

Bomu la pili twalikumbuka wengi. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, lori lililopakiwa baruti na mitungi ya gesi lililipuka kwenye lango la Ubalozi wa Marekani, hapo hapo Oysterbay. Dakika chache kabla, lori jingine lilikuwa limelipuka Nairobi na kuua watu zaidi ya 200. Hapa kwetu watu 11 walikufa na wengine zaidi ya 80 wakajeruhiwa. Gari la maji lililokuwa limesimama langoni lilizuia sehemu ya nguvu ya mlipuko, la sivyo msiba ungalikuwa mkubwa zaidi. Katika waliokufa Dar es Salaam hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Walikuwa walinzi na wafanyakazi, watu waliotoka majumbani mwao asubuhi kwenda kutafuta riziki ya watoto. Ugomvi ulikuwa wa wengine. Maiti zilikuwa zetu.

Yatupasa kuyatazama mambo yaliyodhihirishwa mahakamani baada ya hapo, maana yana mafunzo. Lori lile halikuvuka mpaka: lilinunuliwa hapa mjini. Nyumba ambayo bomu lilitengenezwa ndani yake ilipangwa katika wilaya ya Ilala, yenye ua mrefu, ili watu wasione. Wenye kupanga shauri lile walitoka nchi mbalimbali, lakini miongoni mwa waliosaidia walikuwamo vijana wa Kitanzania. Mmoja wao, Khalfan Khamis Mohamed, alikwenda Afrika ya Kusini mwezi ule ule kwa pasipoti yenye jina lisilo lake, akaishi huko akifanya kazi za kawaida hadi alipokamatwa Cape Town mwezi Oktoba 1999. Mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alikamatwa Pakistani mwezi Julai 2004. Wote wawili walihukumiwa New York kifungo cha maisha.

Je, twajifunza nini? Twajifunza kwamba mtu aliyefanya uovu Kinondoni aweza kuonekana tena maelfu ya maili kutoka hapa, wala hapana polisi wa Tanzania awezaye kumfuata huko bila ya mkono wa mwenzake. Huo ndio upande wa kwanza wa neno letu. Lakini twajifunza pia kwamba pasipoti ya uongo hutolewa na mtu wa kweli, katika ofisi ya kweli, kwa kalamu ya kweli. Na nyumba hupangishwa na mwenye nyumba, tena mbele ya majirani. Huo ndio upande wa pili.

Yaliyojengwa na mataifa

Hatusemi kwamba mataifa yamekaa bure. Baada ya mashambulizi ya Marekani ya Septemba 2001, mataifa ya mabaharia yalikutana London mwezi Desemba 2002, yakakubaliana juu ya kanuni za ulinzi wa meli na bandari zilizoanza kutumika tarehe 1 Julai 2004. Tangu siku hiyo kila bandari ipokeayo meli za kimataifa yapaswa kuwa na mpango wa ulinzi ulioandikwa, afisa wa kuusimamia, uzio, na orodha ya watu waruhusiwao kuingia. Bandari isiyotimiza masharti hayo hutengwa, na meli zitokazo huko hutiliwa shaka kila ziendapo. Mfanyakazi aonaye uchungu kusimamishwa getini aonyeshe kitambulisho chake, na ajue kwamba kitambulisho hicho hulinda pia kazi yake.

Kisha wakaja maharamia wa pwani ya Somalia. Tarehe 29 Januari 2009 nchi kadha, na Tanzania ikiwamo, zilitia sahihi huko Djibouti mwafaka wa kupashana habari na kuwakamata maharamia. Vituo vitatu vya kupashana habari vilichaguliwa: Sanaa, Mombasa na Dar es Salaam. Tangu mwaka 2012 utekaji wa meli ulipungua sana. Manowari za wakubwa zilifanya sehemu yake, hatukatai, lakini hata manowari ni kipofu ikiwa nchi za pwani haziipi habari.

Mipakani nako kumefanyika kazi ya kusifiwa. Twakumbuka aibu ya mwaka 1977, Jumuiya ya kwanza ilipovunjika, na mpaka wetu na Kenya ukafungwa mwezi Februari usifunguliwe hadi Novemba 1983. Ndugu wa kabila moja, Wamasai, Wachaga na Wataveta, Wajaluo wa pande zote mbili, walitenganishwa na mlingoti. Jumuiya ya sasa, ambayo mkataba wake ulitiwa sahihi Arusha tarehe 30 Novemba 1999, imechukua njia nyingine. Katika vituo vya pamoja vya mpakani, kama vile Rusumo kilichozinduliwa mwaka 2016, Namanga mwaka 2018 na Tunduma mwaka 2019, msafiri na mwenye lori husimama mara moja tu, upande wa nchi aingiayo, na maofisa wa nchi mbili humhudumia chini ya paa moja. Mwaka 2018 tulianza pia kutoa pasipoti mpya za Afrika Mashariki, zenye kutunza alama za mwenyewe ndani yake, ili mtu asiweze kusafiri kwa sura ya mwenzake.

Angalieni jambo moja hapa. Mpaka haukulindwa vema zaidi kwa kufungwa. Umelindwa vema zaidi kwa watu wa pande mbili kukaa meza moja. Mlingoti wa 1977 haukumzuia mfanya magendo, maana yeye alijua njia za porini. Ulimzuia mama mwenye kikapu cha ndizi.

Adui aliye ndani ya nguo

Basi, ikiwa mikataba ipo, vituo vipo na pasipoti zipo, mbona maovu bado yapita? Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Mwezi Novemba 2013, katika nyumba moja ya Mikocheni, wilaya ya Kinondoni, zilikutwa pembe za ndovu 706. Ndovu hawaishi Mikocheni. Pembe zile zilitoka mbugani, zikapita barabara zenye vizuizi, zikakaa katika mtaa wa watu zikingoja njia ya kwenda ng'ambo. Na ndovu walikuwa wakimalizika: mwaka 2009 nchi yetu ilihesabiwa kuwa na ndovu 109,000 hivi, na mwaka 2014 walibaki 43,000 hivi. Hapana jeshi la kigeni lililotuvamia likawaua. Walisafirishwa kwa karatasi zenye mihuri.

Mwezi Novemba 2015 Waziri Mkuu, Ndugu Kassim Majaliwa, alikwenda bandarini bila ya taarifa, ikafunuliwa kwamba makontena 349 yalikuwa yametoka bila ya kulipiwa kodi ipatayo shilingi bilioni 80. Kontena si sindano. Kontena haliwezi kufichwa mfukoni. Lina namba ubavuni, lina lakiri mlangoni, hunyanyuliwa kwa winchi, hupakiwa juu ya lori, hupita getini, na kila hatua yupo mtu mwenye kalamu. Makontena 349 yakipotea, haikupotea lakiri tu, ulipotea uaminifu wa watu wengi, mmoja baada ya mwingine. Na mahali lilipopita kontena la kukwepa kodi, hapo hapo hupita kontena la bunduki, la dawa bandia, au la unga. Mlango ukifunguliwa kwa rushwa hauchagui apitaye.

Tumetaja unga, na hapa ndipo yatupasa kusema bila ya kuficha. Kwa miaka mingi heroini nyingi iliyofika pwani yetu ilitoka Afghanistan, ikapakiwa katika majahazi kwenye pwani ya Makran, ikashuka na bahari hadi kwetu. Manowari za mataifa makubwa zilipokamata majahazi hayo katika bahari kuu, mara nyingi ziliutupa mzigo baharini na kuwaacha wachukuzi waende zao, kwa kuwa hapakuwa na mahakama iliyokuwa tayari kuwapokea. Ushirikiano wa namna hiyo ni nusu ya ushirikiano. Lakini na sisi tujiulize: majahazi yasiyokamatwa yalishusha wapi? Wavuvi na wakazi wa Kunduchi na Mbweni walijua tangu zamani maana ya neno bandari bubu. Ni pwani isiyo na afisa wa forodha, isiyo na taa wala daftari, ambako chombo huja usiku, watu huvaa kaptura wakaingia majini, na kabla ya adhana ya alfajiri pwani ni tupu. Bandari hiyo yaitwa bubu kwa sababu haisemi. Lakini watu waishio kando yake wana vinywa.

Mwezi Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kwamba imekamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini katika mikoa ya Dar es Salaam na Iringa. Twaipongeza. Lakini tani 3 hazikai hewani. Zilihitaji nyumba, zilihitaji gari, zilihitaji wapagazi.

Matokeo yake twayaona kila siku. Mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili ilianza kuwapa methadoni vijana walionaswa na heroini, na baadaye huduma hiyo ikafika hospitali za Mwananyamala na Temeke. Yatazameni majina hayo mawili. Moja liko Kinondoni, jingine liko Temeke. Huduma ilipelekwa huko kwa sababu ndiko walikokuwa wagonjwa. Nendeni asubuhi mkawatazame wakipanga foleni kunywa dawa yao: ni watoto wa makabwela. Tajiri aliyeuleta unga ule hayumo katika foleni. Watu huwaita vijana hao mateja, huwacheka wakisinzia vituoni, huwapiga wakiiba ndoo au nyaya. Sisi twasema kwamba kila mmoja wao ni kontena lililopita bila ya kukaguliwa. Mama yake alilipa kodi ambayo afisa mmoja aliisamehe kwa mwingine.

Usalama na heshima ya mtu

Lakini ni lazima tuonye juu ya hatari nyingine. Yako mataifa ambayo yakisema ushirikiano wa usalama humaanisha kwamba sisi tutoe habari za watu wetu, tufuate masharti, tununue mitambo yao, na kisha watu wetu wazidi kuzuiliwa milangoni mwao. Mwezi Januari 2020 Marekani iliwazuia Watanzania kupata viza za ukaazi zitolewazo kwa bahati nasibu, kwa hoja kwamba nchi yetu haikutimiza masharti ya utambulisho na kupashana habari. Mwaka mmoja baadaye agizo hilo likafutwa. Mwezi Oktoba 2025 likaja sharti jingine, kwamba Mtanzania aombaye viza ya matembezi au ya biashara aweza kutakiwa kuweka dhamana ya dola 5,000 hadi 15,000. Kila nchi ina haki ya kuchagua wa kumpokea. Nasi tunayo haki hiyo. Lakini nchi ambayo walinzi wake wa Kitanzania walikufa mbele ya lango lake yafaa ikumbuke kwamba deni la usalama si la upande mmoja.

Ushirikiano wa haki ni ule unaofuata sheria hata kwa mtu mwovu. Mwezi Mei 2001 Mahakama ya Katiba ya Afrika ya Kusini ilitamka kwamba serikali ya nchi hiyo ilivunja katiba ilipomkabidhi Khalfan Khamis Mohamed kwa Wamarekani bila ya kupata ahadi kwamba hatauawa. Wako waliokasirika wakisema, mtu aliyeua wenziwe ana haki gani? Sisi twaona mahakama ile ilisema neno la kiume. Sheria ikisahauliwa kwa sababu ya mtu mbaya, kesho itasahauliwa kwa sababu ya mtu mwenye jina lifananalo na lake. Na katika pwani hii yetu majina yafananayo ni mengi.

Vile vile tusimgeuze kila mgeni kuwa adui. Mwezi Juni 2012 miili ya Wahabeshi zaidi ya 40 ilikutwa porini mkoani Dodoma. Walikuwa wamefungiwa ndani ya lori wakielekea kusini, wakakosa hewa wakafa. Wale hawakuja kututeka. Walikuwa vijana maskini waliouzwa na matapeli wa nchi zaidi ya moja, na lori lile lilikuwa limepita vizuizi vya barabarani. Lau mlinzi mmoja tu angalifungua mlango, wangalikamatwa, na wangalikuwa hai. Hapo usalama na huruma havikuwa vitu viwili. Nchi hii, ambayo mwaka 2014 iliwapa uraia wakimbizi wa Burundi zaidi ya 160,000 waliokaa kwetu tangu mwaka 1972, haihitaji kufundishwa utu. Yahitaji tu kuukumbuka.

Wajibu wetu

Basi tufanye nini? Kwanza, twasema na wafanyakazi wa bandari, forodha na uhamiaji. Ninyi ndio jeshi la kwanza. Anayekupa bahasha ili usifungue kontena hakupendi. Amekukadiria bei, na bei yenyewe ni ndogo. Lakini twasema pia na waajiri, wa Serikali na wa makampuni yaliyopewa kuendesha gati zetu: kibarua alipwaye kwa siku, asiye na uhakika wa kesho, hawezi kutakiwa kulinda mali ya mabilioni kwa moyo mtupu. Mlipeni haki yake. Na mfanyakazi atoaye habari za wizi alindwe, asihamishwe wala asiachishwe kazi. Chama cha wafanyakazi kisichomtetea mtu kama huyo hakina haja ya kuchukua ada yake.

Pili, twasema na mabalozi wa mashina na wenyeviti wa mitaa. Mfumo wa nyumba kumi, ambao TANU iliuanzisha katika miaka ya 1960, haukuwekwa kwa ajili ya kadi na michango tu. Uliwekwa ili jirani amjue jirani. Leo katika mitaa mingi ya Temeke na Kinondoni mtu aweza kupanga nyumba mwaka mzima bila ya mtu yeyote kuandika jina lake. Daftari la wakazi lirudishwe mezani, na kila mpangaji aandikwe, mwenyeji na mgeni sawasawa. Lakini daftari hilo lisiwe fimbo ya kumkomoa mtu kwa sababu ya kabila lake, dini yake, au kwa sababu hakutupigia kura. Balozi afanyaye hivyo huwafundisha watu kunyamaza, na mtaa ulionyamaza ndio mtaa upendwao na wahalifu.

Tatu, twasema na wana-Chama wenzetu walio na vyeo. Mara kadha mwananchi wa pwani ametoa habari, na habari zikamrudia yeye mwenyewe kabla ya kumfikia mhalifu. Jambo hilo ni aibu, tena ni hatari. Mkiwataka wavuvi wa Mbweni waseme, wahakikishieni kwanza kwamba atakayesema hatataja jina lake bure. Na akikamatwa mwenye mzigo akawa ni mtu wa kwetu, mwenye kadi kama sisi na aliyechangia mikutano yetu, sheria ichukue njia yake mchana kweupe. Hapana mkataba wa mataifa uwezao kuponya uoza wa namna hiyo.

Nne, katika meza ya mataifa tusiende kama waombaji. Twende na hesabu zetu: bandari ihudumiayo nchi nyingi, wafu wetu wa 1998, majina ya vijana wetu katika foleni za Mwananyamala na Temeke. Tutake habari kwa habari, mafunzo kwa mafunzo, na heshima kwa heshima. Atakayetupa mtambo wa kuchungulia makontena tutamshukuru. Lakini mtambo huona chuma na mfupa, hauoni bahasha.

Usiku wa leo meli zitakuwa nje ya lango la bahari zikingoja zamu. Malori yatakuwa yamepanga mstari Barabara ya Mandela. Mbweni maji yatakuwa yamejaa au yametoka, kama Mungu alivyopanga. Mikataba yote iliyotiwa sahihi London, Djibouti na Arusha itategemea mtu mmoja mwenye tochi, ambaye mshahara wake ni mdogo na watoto wake wamelala Mbagala. Kazi ya Chama ni kuhakikisha kwamba mtu huyo hayuko peke yake.